Ngozi ya Birika Lako

Jumapili mchana

Mzee wangu, Fundi Salehe,

Shikamoo. Wewe ulikuwa ukiitikia marahaba hata ukiwa umebana uzi kwa meno, kwa hiyo naiacha hapa, utaiokota ukipata nafasi. Nimekalia kigoda chako cha jikoni, hapa nyumbani kwako Mkonze, na karatasi nimeiweka juu ya sinia. Mama ametoka eda juma lililopita. Amekwenda kwa mdogo wake Kibaigwa kupumzika, akaniachia nyumba na binti yenu Mwanaidi. Birika lako liko jikoni, linachemka. Mama alinipa mimi birika hilo siku ya arobaini, mbele ya watu, na shangazi zako wakanitazama kwa jicho la pembeni, Mgogo wa Kongwa, Mkristo, anarithi nini kwa Mzee Salehe. Nililikumbatia nikalia.

Mzee wangu, naogopa. Sijui niseme vipi ili lisionekane dogo. Juzi kanisani nilisimama kuimba, sauti ikakataa kutoka, mama mmoja akanipa maji akidhani ni malaria.

Ninachokiogopa ni Jumanne. Jumanne asubuhi Dokta Elia atampasua Mwanaidi taya, atajaza lile pengo lililobaki walipomtoa uvimbe, na atalijaza kwa nyuzi zangu. Na kwenye nyuzi hizo kuna kitu ambacho Dokta hakijui. Ninakijua mimi peke yangu. Nilikuwa na nafasi ya kukuambia wewe, nikanyamaza, nawe ukaenda.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana kuna mambo sikukueleza sawasawa, na mengine nilikueleza nusu.

Unakumbuka nilivyorudi siku ya kwanza kutoka hospitali ya misheni, nikakusimulia kuhusu uzi unaoyeyuka mwilini? Kiwanda chetu cha nguo kilikuwa kimeshafungwa, mitambo imeng'olewa na mwekezaji aliyekuja mara mbili akapiga picha, akaondoka. Wewe ulikuwa umekaa barazani unapunguza suruali za mitumba. Nikakuambia kuna daktari amerudi kutoka masomoni Ulaya, anatafuta mtu anayejua nyuzi. Nikakuambia uzi wenyewe ni plastiki, lakini plastiki hiyo imetengenezwa kwa sukari ya mahindi. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukasema kumbe yale malori yote ya Kibaigwa yanakwenda kushonewa watu, na sisi tunahangaika kuyasonga ugali.

Halafu ukauliza swali moja tu. Uliuliza: "Unapokea maji?"

Sikuelewa wakati ule. Dokta Elia alikuja kunieleza baada ya miezi miwili, kwa michoro na maneno marefu, kwamba shida yake yote ilikuwa hapo. Uzi ule ulikuwa mzuri. Ungeweza kufumwa ukawa kiunzi kidogo, ukawekwa palipo na pengo, chembe hai za mfupa, anazoziita seli, zikapanda juu yake kama mtu apandavyo ngazi. Zikishajenga mfupa wake, uzi unayeyuka taratibu, mwili unabaki na chake. Lakini uzi ulikuwa unateleza. Tone la maji ukiliweka juu yake lilisimama kama ushanga, halilowi, na seli nazo hazikai mahali pasipolowa. Kazi yangu ilikuwa kuubadilisha uzi uso, uso tu, bila kuugusa moyo wake.

Nilipomwonyesha ninavyopima kwa tone, alishangaa. Aliniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kuna mzee anaitwa Salehe, yuko Mkonze, alinifundisha kwenye chumba cha kuchemshia nguo. Tone likisimama, pamba bado ina nta yake, irudishe kwenye kostiki, yale magadi makali ya kuchemshia. Tone likizama, toa haraka, maana kostiki haina rafiki, ikimaliza nta inaanza kula uzi.

Na muda nilimwonyesha tunavyopima. Wewe ulihesabu kwa tasbihi, mizunguko mitatu, kwa sababu saa ya kiwandani iliibwa mwaka ule wa njaa ya sukari na haikurudishwa. Mimi sikuwa na tasbihi, nikahesabu kwa wimbo wa kwaya, beti nne, mara mbili, kimoyomoyo. Dokta alinipa saa nzuri ya mezani. Niliipokea kwa adabu, lakini nikiwa peke yangu bado naimba.

Basi. Kosa lenyewe sasa.

Uzi wa Dokta nao niliutia kostiki vilevile, na ukitoka humo lazima usuuzwe kwa maji safi kabisa, yasiyo na kitu ndani yake. Kule hospitali, kwenye chumba cha nyuzi, tulikuwa na mtambo wa kukenekea maji, ule wa kuyachemsha na kuyadaka mvuke. Mwezi wa tatu koili yake iliungua. Nilituma mtu gereji akanunue maji ya betri, akarudi na dumu tupu, yameisha. Ilikuwa Ijumaa, na asubuhi ile ile nilikuwa nimepokea habari za msiba wa mjomba wangu Kongwa. Nilikuwa na vitita vinne vya uzi kwenye kostiki, vimekwishaiva, kila dakika vinaliwa.

Nikachota maji ya kisima cha hospitali. Nikayaacha yatulie, nikachukua ya juu. Ndivyo tunavyofanya majumbani sote hapa Dodoma, yakitulia tunayaita safi, tunampa hata mtoto. Nikatumbukiza nyuzi humo, nikafunika, nikasema nikirudi nitasuuza upya. Nikaenda kumzika mjomba. Nilirudi Jumatatu.

Nilipozitoa, mng'ao ulikuwa umepotea. Nikapitisha kidole. Mzee wangu, nilijua palepale. Ilikuwa ngozi ya birika lako. Ule ukoko mweupe unaobaki ndani kwa maji yetu ya chumvi, ambao Mama alitaka kuukwangua kila mwezi, nawe ukamkataza, ukisema bila ngozi hiyo chai inakuwa na ladha ya bati. Uzi wangu ulikuwa umeuvaa ukoko huo, mwembamba, sawasawa, pande zote.

Ningezitupa. Fundi yeyote angezitupa. Lakini uzi ulikuwa umebaki kidogo, na Dokta alikuwa amesubiri shehena hiyo miezi mitano. Nikazikausha, nikafuma, akaua vijidudu kwa njia zake, akapanda seli alizotoa kwa mbuzi. Nikasema moyoni zitakufa kama za kwanza, mambo yataisha.

Hazikufa. Juma la pili aliniita kwenye hadubini. Sikuwahi kuona kitu kama kile. Seli zilikuwa zimejinyoosha, zimeshika uzi, zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Dokta alikuwa anacheka peke yake kama aliyepata mtoto. Akawaita wauguzi, akamwita mpaka mhasibu, akawaambia huyu mama hana shahada lakini ana vidole. Nikasimama pale nimeinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Akaniambia rudia vilevile. Nikarudia kwa maji safi, mtambo ulikuwa umetengenezwa, na seli zikajikunyata. Akasema labda muda wa kostiki ulipishana kidogo, jaribu tena. Safari hiyo nilichukua ndoo, nikaenda kisimani. Zikashika. Tangu siku hiyo sijatumia maji mengine, na katika daftari la kazi, kila ukurasa, kwa mwandiko wangu mwenyewe, nimeandika maji yaliyokenekwa.

Utaniuliza kwa nini. Mwanzoni ilikuwa aibu tu, na hofu ya kurudi kuuza vitumbua stendi. Baadaye ikawa ni sifa. Mtu ambaye jina lake lilikuwa la tatu kwenye orodha ya waliopunguzwa kazini, anaitwa na daktari mbele za watu anaambiwa ana vidole. Sifa ni tamu, Mzee wangu. Nililamba kijiko mpaka mwisho.

Wakapandikizwa mbuzi watatu. Wawili wamepona vizuri, mifupa imejaa. Wa tatu alivimba mwezi wa tisa, wewe umeshatutoka, akatoka usaha, akachinjwa. Dokta akasema ni uchafu wa banda. Huenda ni kweli. Lakini kiunzi cha mbuzi yule kilitoka kwenye ndoo niliyoisahau siku sita, na ngozi yake ilikuwa nene kuliko zote. Dokta hajui. Nilisimama pembeni nikamwona anavyomkagua yule mnyama, anaandika, anatikisa kichwa, na mdomo wangu haukufunguka.

Kwa sababu mimi sijui ni nini hasa kimo katika maji yale. Chokaa naijua. Lakini si chokaa peke yake. Maji yetu ndiyo yanayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno, kila mtu huku anajua, tunacheka tu tunasema huyo ni wa kwetu. Kitu kinachoingia kwenye jino la mtoto kikakaa mpaka uzeeni, kitafanya nini kikiwekwa kwenye mfupa wa Mwanaidi, kimefungwa humo ndani? Naamka na swali hilo, nalala nalo.

Na sasa ile siku yako ya mwisho kuzungumza nami. Naiogopa hata kuiandika, lakini ndiyo inayonikaba.

Ilikuwa alasiri, malori ya mahindi yalikuwa yameanza msimu. Nilikuletea chai, umeegemea mto, umebaki mifupa. Ukamtuma Mwanaidi dukani, ukaniambia nifunge mlango. Nikadhani unataka kuniusia juu ya mashine yako ya kushonea. Ukaniambia habari za bafta.

Sikuwahi kuzijua, Mzee wangu, na nilifanya kazi chumba kimoja nawe. Kwamba siku walipobandika ile orodha ya kwanza ya kupunguza watu, sote tulikimbia ubaoni, nawe ulikimbia, tasbihi mfukoni, na nguo ikabaki kwenye kostiki saa nzima. Kwamba ilitoka nyeupe na laini kuliko nguo yoyote uliyowahi kuitoa. Kwamba ulivuta uzi mmoja ukakatika kama jani kavu, ukajua, na ukaipitisha. Jina lako halikuwa kwenye orodha, na hukutaka liingie ya pili. Ikauzwa mjini kama bafta ya sanda.

Halafu akafa mama yako mdogo. Wewe mwenyewe ulikuwa ndani ya kaburi, unapokea. Sanda ikachanika mikononi mwenu, bega la marehemu likatoka nje mbele ya wanawe. Watu walisema siku hizi vitu ni vya ovyo, biashara huria imeleta takataka. Nawe ukaitikia. Ulisema: "Nikaitikia, Tabi. Nilikuwa chini mle shimoni na vumbi kichwani, nikaitikia."

Ukaniomba jambo moja. Siku yako ikifika, kabla hawajakata sanda, nivute uzi wake kwanza.

Nilivuta. Bafta ililetwa imekunjwa kwenye mfuko wa dukani, ikawekwa kitini, wanaume walikuwa uani wanatayarisha maji. Nilitoa uzi mmoja pembeni, nikauzungusha kidoleni, nikavuta mpaka ukaniacha alama. Haukukatika. Nikavuta na wa upande wa pili. Mama aliniona, hakuuliza. Ulikwenda umefunikwa vizuri, nakuapia.

Lakini siku ile ulipokuwa unaniambia, kikombe kimekushinda kushika, nilikuwa na miezi mitatu ya uongo kwenye daftari. Ningesema neno moja tu. Mzee, na mimi ninayo bafta yangu. Ungejua la kunishauri, hata kwa kunitukana. Badala yake nilikushika mkono nikakuambia Mungu husamehe. Nilijifanya padri. Na juma moja kabla ya hapo, Dokta Elia alipokuja kukujulia hali, nilikusikia mwenyewe ukimwambia nyuzi zikiwa tayari amkumbuke binti yako. Alikuahidi. Alitimiza. Ndiyo maana Jumanne ni Mwanaidi, si mwingine.

Ungemwona siku hizi. Bado anaficha mdomo kwa pindo la khanga akicheka. Anakula uji, ugali anaulainisha kwenye mchuzi anausukuma kwa ulimi. Tangu apangiwe tarehe amebadilika, anaimba, ameshona gauni jipya la kutokea hospitali kwa mashine yako. Jana kaniambia kitu cha kwanza atakachokitafuna ni mhindi wa kuchoma, mgumu kabisa, ule unaouma fizi.

Nikisema, Dokta ataahirisha. Sijui mpaka lini, labda moja kwa moja, maana kibali kilipatikana kwa taabu. Nitakuwa nimemnyang'anya mtoto wako mhindi wake kwa mkono huu. Nisiposema, nitakaa nje ya chumba cha upasuaji, nitaitikia kila atakachosema kila mtu, na nitasubiri miezi, nikimtazama shavu. Kila asubuhi nitamtazama shavu kama limevimba.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sawa, lakini hawakusema anayeufunua anafanywa nini.

Mwanaidi ananiita nje. Anataka nikamwonyeshe namna ya kufunga begi. Nitaendelea.

Jumatano

Mzee wangu, nilisema.

Sikupanga. Nilitoka nikamkuta amepanga nguo zake mkekani, khanga mbili, sabuni, lile gauni. Akaniuliza kama nina kipande cha uzi nimwonyeshe, anataka kukiona kabla hakijaingia mwilini mwake. Nilikuwa nacho, kwenye pochi, nakibeba siku hizi kama hirizi. Nikampa. Akakipitisha vidoleni, taratibu, macho ameyafumba. Unajua alivyo, vidole ni vyako. Akasema mbona kama ndani ya birika la baba.

Nikakaa chini. Nikamwambia yote, maji, mbuzi, daftari. Habari za bafta sikumwambia, hizo ni zako, zitabaki na mimi. Nilisema nikiangalia mkeka, sikuthubutu kumwangalia usoni. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika ule uzi.

Nilitegemea kulia, au kofi. Kuku wakapita, jirani akasalimia, tukaitikia wote wawili kama watu wazima. Kisha akaanza kutoa nguo kwenye begi, moja moja, akazikunja upya. Akasema: "Kamwambie. Uji nimeshauzoea."

Hivyo tu. Hakuficha mdomo alipokuwa akisema. Afadhali angenipiga.

Jumatatu nilimwaga chai, nikalifunga birika kwenye khanga nikaenda nalo. Sikujua nitaanzaje, nikaona nianze na kitu cha kushika. Njiani mara mbili nilikaa kando ya barabara. Dokta Elia alikuwa ofisini anapitia karatasi za Mwanaidi. Nikaliweka birika juu ya meza yake, nikamwomba aingize kidole ndani, kisha aguse kiunzi. Alidhani natania. Akaingiza. Nikamwona uso unavyobadilika, na nikasema maneno yote kwa mkupuo kabla hajaniuliza.

Hakunifokea. Alichukua kisu kidogo, akakwangua ukoko, akautia siki kwenye kisahani, ukatoa mapovu. Akaukwangua na uso wa kiunzi, akautia siki, ukatoa mapovu vilevile. Akabaki anaangalia vile visahani viwili. Kisha akaniuliza kiunzi cha mbuzi wa tatu kilikaa majini siku ngapi. Nikamwambia. Akafunika uso kwa mikono.

Baadaye akaniuliza, "Mama Tabitha, kwa nini hukuniambia siku ile ya kwanza?" Ya aibu na sifa nimeyaandika hapo juu, lakini mbele yake hayakutoka. Nilisema nilitaka nibaki na vidole.

Upasuaji umefutwa. Atawaandikia walimu wake kule Ulaya kwamba alichowaandikia mwanzo si kweli yote, na barua hiyo itamuumbua yeye kabla ya mimi. Maji ya kisima yatapelekwa Dar es Salaam yakapimwe kila kilichomo. Anasema pengine chokaa ndiyo iliyokuwa dawa aliyokuwa akiitafuta, na hicho kingine ndicho sumu, na kwamba vinaweza kutenganishwa. Atawekwa mbuzi mwingine, na mwingine. Anasema ni kazi ya mwaka, au miwili. Alisema hayo akiangalia dirishani, si mimi.

Ufunguo wa chumba cha nyuzi ameuchukua. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka niitwe. Birika amebaki nalo pia, analihitaji. Nisamehe kwa hilo, lilikuwa lako.

Kwa hiyo hofu haijaondoka, usidhani. Imehama tu chumba. Naogopa sitaitwa. Naogopa nitaitwa, nikute mtu mwingine kwenye kiti changu anahesabu kwa saa ya mezani. Naogopa Mama atakaporudi kutoka Kibaigwa na kuuliza mbona Mwanaidi yuko nyumbani. Zaidi ya yote naogopa kwamba kibali hakitapatikana tena, na Mwanaidi ataishi hivi mpaka uzeeni kwa sababu yangu. Jana alikuwa anakunywa uji barazani, akacheka na jirani, na khanga ikapanda mdomoni. Niliingia ndani.

Lakini nimelala, Mzee wangu. Usiku wa Jumatatu nililala mpaka jogoo. Sikuwa nimelala hivyo tangu uzikwe.

Nitakuja makaburini Ijumaa, wanaume wakishatoka, nitasimama pale pembeni kwenye ule ukuta wa mawe kama ninavyofanya siku zote. Sitaleta maua, ulisema maua ni chakula cha mbuzi. Nitakusomea barua hii, kisha nitaichoma, kwa ajili ya zile habari za bafta.

Ninakuahidi mambo mawili. Daftari jipya, nikipewa, nitaandika kilichotokea, hata kama ni ujinga. Hilo ni la kwanza. La pili ni hili. Mwanaidi akipata taya lake, iwe mwaka kesho au miaka kumi, nitamchomea mhindi mimi mwenyewe, mgumu, kama anavyoutaka. Nitamwacha autafune mpaka mwisho. Kisha nitakuja kukuwekea gunzi hapo kichwani pako, uguse uone alama za meno.

Nisipolileta, ujue bado anakunywa uji, na mimi ndiye ninayemkorogea.

Kwaheri, Mzee wangu. Lala umefunikwa. Ule uzi niliuvuta kwelikweli.

Mwanao wa kazi,
Tabitha